Aproni Mia Tatu, Kichwa Chini Miguu Juu

Mama Chapa alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na kalenda. Si kwamba hakuzichapa. Alizichapa kwa maelfu, miaka kumi na tisa mfululizo, pamoja na kofia, kalamu, fulana, vikombe, mifuko ya sokoni na vile vijinyororo vya funguo vinavyokatika kabla ufunguo haujavizoea. Kazi yake ilikuwa kuweka majina ya makampuni kwenye vitu vya kugawa bure, na ndiko alikolipata hilo jina lake. La kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Kila mwisho wa mwaka walikuja watu wa maofisini, wamefunga tai mpaka shingo zimevimba, na wote walitaka kitu kimoja: kalenda yenye picha ya mkurugenzi akitabasamu. Mama Chapa aliwauliza swali lile lile.

"Nani ataitundika?"

"Wateja wetu, mama."

"Na hao wateja wenu wamepewa kalenda ngapi mwaka huu?"

Hapo mtu hukohoa, akatazama saa. Kwa hesabu za Mama Chapa, nyumba ya kawaida ina misumari miwili ya kutundikia kalenda, na kalenda zinazoingia humo hazipungui kumi. Zinazobaki hufanywa majalada ya madaftari ya watoto, na tabasamu la mkurugenzi huishia kuchorewa masharubu na mwanafunzi wa darasa la tatu. Huko ndiko kuitangaza biashara yako!

"Zawadi ya biashara siyo sadaka," alipenda kusema, mikono ikiwa na wino hadi kwenye viwiko. "Mpe mtu kitu atakachokuwa amekishika saa ile ile anapokuhitaji. Fundi bomba mpe futi ya kupimia. Dereva mpe kitambaa cha kufutia kioo. Ukimpa kalamu, ataiazimisha benki na haitarudi." Wateja walicheka, wakamsifu kwa busara zake, kisha wakaagiza kalenda. Naye alichapa. Mwenye shibe ndiye anayegombana na wateja.

Aliyemsikiliza kweli alikuwa mtu mmoja tu, binti wa kaka yake. Nyumbani walimwita Afisa tangu siku alipopata kazi na kurudi na kitambulisho kinaning'inia kifuani, akala nacho, na inasemekana akalala nacho. Aliajiriwa kuwa afisa masoko katika kampuni ya kuuza gesi ya kupikia, lakini kwa majaribio ya miezi mitatu. Waliomtangulia kwenye kiti hicho walikuwa wawili, na hakuna aliyeyamaliza majaribio hayo. Kaka yake Mama Chapa, ambaye alikuwa amestaafu na kumtegemea binti huyo kuliko alivyokubali kusema, alizihesabu siku kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Zilibaki wiki tatu. Kampuni ilikuwa inafungua ghala jipya la mitungi, na kwenye kikao mkurugenzi alitaka shajara za ngozi kwa ajili ya waheshimiwa. Afisa akanyoosha mkono. Alisema waheshimiwa hawanunui mitungi, wanaonunua ni wapishi: wenye vibanda vya chai, wapishi wa shule, akina mama wa vyakula vya mitaani. Wapewe aproni mia tatu, kila moja iandikwe kifuani kwa herufi kubwa: GESI IMEISHA? PIGA, TUNALETA. Chini yake namba ya simu.

Mkurugenzi alikubali kwa shingo upande. "Sawa," alisema, "lakini likiharibika, ni lako." Alipoambiwa mchapaji ni shangazi yake Afisa, akaongeza kwamba basi litakuwa la ukoo mzima.

Sasa hapa inabidi nieleze jinsi Mama Chapa anavyofanya kazi, maana bila hilo mtu anaweza kudhani alikuwa mzembe, na uzembe ni kitu cha mwisho kumsingizia.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la matairi. Katikati palikuwa na meza ya mbao yenye urefu wa mlango, na fremu ya kuchapia, yenye wavu mwembamba unaopitisha wino penye herufi tu, iliyofungwa kwa bawaba upande wa ukutani. Unalaza nguo mezani, unashusha fremu juu yake, unamimina wino, unaukokota kwa kipande cha raba mara mbili, unainua. Nguo unaianika kwenye kamba kwa vibanio, na ikishakauka unaipiga pasi ya moto ili wino ushike kabisa. Wino ukishapigwa pasi hautoki, hata ukiuombea.

Kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa mifuko ya sokoni. Mfuko aliulaza mishikio ikimwelekea tumboni, ili akimaliza auvute kwa mishikio bila kugusa wino, na fremu za mifuko alizitengeneza kufuata mkao huo. Aproni hakuwahi kuzichapa. Fremu ya aproni aliitengeneza vizuri, ya kulaza nguo shingo ikielekea ukutani, kama fulana. Ya kwanza aliilaza hivyo hivyo, ikatoka safi, Afisa akaja akaiona, akaruka kwa furaha.

Siku ya pili akaanza mia mbili tisini na tisa zilizobaki. Redioni kulikuwa na kipindi cha wasikilizaji kupiga simu kueleza visa vya wakwe zao, na siku hiyo wakwe walikuwa wamechachamaa. Mama Chapa alisikiliza, akacheka, akabishana na redio. Mikono ikabaki peke yake na kazi. Sasa mikono ya Mama Chapa ikiona kitu kina mkanda, inajua hicho ni mfuko. Ikazishika zile aproni kwa ukanda wa shingoni, ikazilaza ukanda ukimwelekea tumboni, moja baada ya nyingine, kwa ustadi mkubwa mno. Mazoea yana taabu.

Kwa nini hakuona? Kwa sababu alipokuwa amesimama pale, maandishi yalimtazama yeye vizuri kabisa. Na zilipofika kwenye kamba alizibana kwa pindo la chini, maana kanda za shingoni zilikuwa zinasokotana. Zikaning'inia safu kwa safu, herufi zimesimama wima kama askari kwenye gwaride. Alizipiga pasi, akazikunja, akazifunga dazani dazani kwenye maboksi sita. Alijisikia vizuri. Alikunywa chai.

Alhamisi, saa nane mchana, Afisa alikuja kuzichukua. Ufunguzi ulikuwa Ijumaa asubuhi. Akachomoa aproni moja, akaivaa, akajifunga kamba za kiunoni, akasimama katikati ya karakana mikono kiunoni.

"Shangazi, nipige picha."

Mama Chapa aliinua simu. Akatazama. Akaigeuza simu, akatazama tena, akadhani imeharibika. Kisha akaishusha taratibu.

"Vua," alisema.

"Kwani vipi?"

"Vua, mwanangu. Lete nyingine."

Ya pili ikawa vile vile. Ya tatu vile vile. Walifungua maboksi yote sita, na katika aproni mia tatu, iliyokuwa na maandishi yaliyosimama kwa miguu yake ni moja tu, ile ya mfano. Nyingine zote zilikuwa kichwa chini miguu juu. Mama Chapa akakaa juu ya ndoo ya wino. Miaka kumi na tisa hakuwahi kuharibu hata dazani moja, na sasa ameharibu kazi nzima, tena kwa mtoto wa kaka yake, tena zikiwa zimebaki wiki mbili.

Afisa hakulia. Alizunguka meza mara mbili, kitambulisho kikimpiga kifuani, kisha akasimama na macho yakawaka.

"Tunasema tulikusudia."

"Tulikusudia nini?"

"Ubunifu, shangazi! Kitu kikiwa kichwa chini, watu wanakitazama zaidi. Nitaandaa maelezo usiku huu."

Mama Chapa aliikunja tena ile aproni. Alitamani sana kukubali. Ilikuwa njia rahisi, na binti alikuwa na mdomo wa kuipitisha. Lakini aliijua njia ya mwongo kuwa ni fupi, na aliona wazi nani angekuwa amesimama mwisho wake.

"Sikiliza," alisema. "Nikikosea mimi, ni kosa la mchapaji. Ukidanganya wewe, ni tabia ya afisa. Kosa langu si lazima likufukuzishe. Uongo wako utakufukuzisha hata miaka mitano ijayo. Twende tukamwambie leo, kabla hajasimama mbele za watu."

"Atanifukuza leo, basi."

"Akitaka kukufukuza, atanipita mimi kwanza."

Ni maneno ya kishujaa, lakini ndani ya teksi alishika kishikio cha mlango njia nzima.

Ofisi ya mkurugenzi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya kantini. Ukuta mmoja ulikuwa na kabati la vioo, na ndani yake Mama Chapa aliziona kazi zake za miaka iliyopita kama mtu anayekutana na watoto wake mahabusu. Shajara za mwaka juzi zikiwa bado ndani ya nailoni. Vikombe. Boksi zima la vijinyororo vya funguo. Kalenda zimeviringishwa na kufungwa raba, mwaka umeshapita na hakuna aliyezifungua.

Mkurugenzi alikuwa mtu mnene, si mbaya, ila mwenye hofu moja kubwa maishani: kuchekwa hadharani. Mama Chapa hakuzunguka. Alitandaza aproni chache mezani, akaeleza yote: mifuko, mishikio, mikono yake, na redio. Hata wakwe aliwataja. Akasema kosa ni lake peke yake, sampuli aliyoidhinisha Afisa ilikuwa sahihi, hii hapa. Atazichapa upya nyingine mia tatu yeye mwenyewe, lakini haziwezi kuwa tayari kesho.

Mkurugenzi aliigeuza aproni moja, akaigeuza tena.

"Yaani kesho," alisema kwa sauti ya chini, "mbele ya watu mia tatu, mimi nagawa nguo za kusomwa na popo."

Akaitupa aproni mezani.

"Binti," akamgeukia Afisa, "nilikwambia likiharibika ni la nani?"

"Langu, bosi."

"Vizuri. Jumatatu tutaongea habari ya majaribio yako."

Afisa aliinamisha kichwa. Mama Chapa akafungua mdomo kusema lile neno la kishujaa, na halikutoka. Badala yake mlango ukafunguliwa na mpishi wa kantini ya chini akaingia na sinia la chai. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono ina unga, na kila mtu katika jengo lile alimwita Mama Kantini.

"Karibu, umekuja wakati mzuri," alisema mkurugenzi kwa uchungu. "Wewe si mpishi? Hebu vaa hii, ucheke na sisi."

Mama Kantini akaweka sinia, akaipitisha aproni kichwani, akajifunga. Kutoka walikokaa ilikuwa aibu tupu: namba juu, maneno chini, vyote vimepinduka. Mkurugenzi akafumba macho. Lakini Mama Kantini hakuwa anawatazama wao. Aliinamisha kidevu, akajitazama kifuani, akasoma polepole, kwa sauti.

"Gesi imeisha? Piga, tunaleta." Kisha akaisoma namba, tarakimu moja moja, hadi ya mwisho. Akainua uso. "Eh! Hii ni nzuri. Mnaiuza?"

"Imekosewa, mama," alisema mkurugenzi. "Imepinduka."

"Imepinduka kwako wewe. Mimi naisoma vizuri tu."

"Sasa kuna faida gani uisome wewe? Tunataka watu waisome."

Mama Kantini alimtazama kama anavyotazama mtu anayeuliza kama chai ina maji.

"Watu gani? Wanaonitazama mimi wanataka chakula, hawataki namba ya gesi. Gesi inaniishia mimi. Na ikiisha, mkono huu una unga, huu una mwiko, sufuria haijaiva na watu wamepanga foleni. Nitaanza kutafuta karatasi?"

"Lakini wewe namba yetu unayo," alisema mkurugenzi. "Kila mwaka nakupa kalenda."

"Unanipa, ahsante. Iko nyumbani sebuleni. Gesi inaishia jikoni."

Mkurugenzi akauliza, kwa tahadhari ya mtu anayeogopa jibu, mtungi ulioko kantini ni wa kampuni gani. Mama Kantini akaanza kupanga vikombe kwa bidii ambayo haikuwa ya kawaida.

"Ni wa wale wenzenu," alisema hatimaye. "Wao wana kijana anapita mlangoni. Usinikasirikie, bosi. Nyie mko juu hapa, hata mlangoni hampiti."

Miaka minne mwanamke huyu amempandishia chai ngazi zile, na chai yenyewe ilikuwa inachemka kwa gesi ya mshindani! Mkurugenzi alikunywa funda moja, akakiweka chini kikombe kama vile ameionja kwa mara ya kwanza. Akasimama, akachukua nyingine iliyopinduka, akaivaa mwenyewe juu ya koti na tai. Akainamisha kidevu. Midomo yake ikacheza akisoma.

Mama Chapa alijiuma mdomo asicheke. Afisa alikuwa ameshika ukingo wa kiti.

"Gawa," alisema mkurugenzi. "Kesho gawa hizi hizi. Lakini wewe, mama mchapaji, utasimama pale uwaeleze, maana mimi sina mdomo wa kueleza hili."

Ijumaa wapishi walijaa. Walipozivaa, walitazamana wao kwa wao, na kicheko kilichozuka kilisikika hadi barabarani. Mkurugenzi alianza kusogea nyuma ya spika. Mama Chapa akashika kipaza sauti, akawaambia ukweli: kwamba alikosea, kwamba mikono yake ilidhani aproni ni mfuko, na kwamba mpishi mmoja ndiye aliyemfundisha maandishi yale ni ya nani. "Inameni," aliwaambia. Vichwa mia tatu vikainama. Wakasoma wote kwa pamoja, kama darasa la kwanza, na walipomaliza wakapiga makofi, wakajipigia wenyewe zaidi kuliko kumpigia yeye. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele akasema maisha yake yote amevalishwa vitu vya kusomwa na wengine, na hiki ndicho cha kwanza kuandikwa kwa ajili yake.

Pale pale Mama Chapa alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu Alhamisi saa nane. Usiku huo alilala fofofo, na asubuhi akaila mikate miwili iliyokuwa ya watu wawili.

Jumatatu hakukuwa na maongezi ya majaribio, kwa sababu simu za oda hazikutoa nafasi. Afisa alipokea simu mpaka sauti ikamkauka. Wapigaji wengi walikuwa jikoni, maana nyuma yao zilisikika sufuria, na wengine waliisoma namba wakithibitisha kama wameipiga sawasawa, kana kwamba namba iko kwenye karatasi mbele yao. Wa kumi na moja siku hiyo alikuwa Mama Kantini, akipiga kutoka ngazi ishirini chini.

Wiki mbili zikaisha. Siku ya mwisho ya majaribio Mama Chapa alishinda karakanani bila kuwasha redio, simu imelazwa mezani mahali ambapo angeiona hata akiwa na raba mkononi. Ilipolia, aliiacha iite mara mbili kabla ya kuipokea.

"Shangazi," alisema Afisa. "Nimepewa barua. Ya ajira. Ya kudumu, shangazi, imepigwa muhuri!"

Mama Chapa alikaa chini, hapo hapo sakafuni, akaegemea mguu wa meza. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na wino. Alikuwa amelibeba kosa lile kifuani wiki mbili nzima, akijiambia limekwisha, na kumbe lilikuwa bado limekaa pale pale. Sasa liliondoka.

"Kuna kingine," Afisa akaendelea, na hapo sauti ikabadilika. "Leo kwenye kikao cha wakuu wote, bosi alisimama akaeleza habari ya aproni. Unajua amesema nini? Amesema wazo la kupindua maandishi lilikuwa lake. Eti alimwita mchapaji akamwambia, 'Hapana, geuza, mpishi ndiye anayepaswa kusoma.' Shangazi, nilikuwa nimekaa pale! Watu wamempigia makofi. Nimkosoe?"

Kwenye simu kicheko kikaanza. Kilianzia chini tumboni, kikapanda, na Mama Chapa akacheka mpaka jirani wa duka la matairi akaja kuchungulia mlangoni. Alicheka kwa ajili ya yale makofi, na kwa ajili ya ile barua, na kwa raha ya mtu aliyetua mzigo na kuona mwingine anagombania kuubeba.

"Umkosoe wa nini?" alisema alipopata pumzi. "Kosa lilikuwa yatima, mwanangu. Leo limepata baba. Mwache alilee."